Maswali na majibu: Kukagua msimbo wa kerneli unaoshughulikia kumbukumbu iliyoharibika

Seva zetu zina kumbukumbu ya ECC inayojisahihisha. Kwa nini kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, iwe na msimbo wake tena?

ECC ya kawaida huongeza biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64 za data. Husahihisha biti moja iliyogeuka, lakini zikigeuka mbili hutambua tu kwamba kuna hitilafu. Hapo prosesa hutoa taarifa na kerneli ndiyo inayoamua la kufanya. Tangu toleo la 2.6.32 la Desemba 2009, kazi hiyo imo katika faili la mm/memory-failure.c, ambalo hutenga ukurasa ulioharibika, yaani kipande cha kumbukumbu ambacho kwa kawaida ni baiti 4096, ili ikiwezekana mashine iendelee kufanya kazi.

Nimeombwa kukagua kiraka (badiliko la msimbo lililopendekezwa) kinachogusa faili hilo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mfuatano wa matukio. Hitilafu haingoji kufuli, yaani kizuizi kinachoruhusu mmoja tu kubadilisha data kwa wakati mmoja: ukurasa uliokuwa huru unaweza kugawiwa mchakato mwingine papo hapo, au ukawa sehemu ya ukurasa mkubwa wa megabaiti 2 ambao prosesa nyingine inaugawanya wakati huohuo. Kwa hiyo hali yoyote iliyosomwa kabla ya kufuli kushikwa ni dhana tu, na msimbo usioithibitisha upya baada ya hapo nauhesabu kuwa na kasoro hata kama umefaulu majaribio yote. Fuatilia pia hesabu ya marejeo, yaani idadi ya wanaoutumia ukurasa, katika kila njia ya kutokea, hasa njia za makosa, kwa kuwa rejeo likiachiliwa mara mbili, ukurasa unaweza kuachwa huru huku bado kuna anayeutumia.

Kisha uliza ni data gani imepotea. Ukurasa wa faili ambao haujabadilishwa hutupwa na kusomwa tena kutoka diski bila hasara. Uliobadilishwa kabla ya kuandikwa diskini umepotea, na kerneli huliwekea faili kosa la EIO (hitilafu ya kusoma au kuandika), ambalo programu hupewa mara moja tu. Ikilipuuza mara hiyo moja, baadaye itasoma data ya zamani na kuiamini. Kiraka kinachodhoofisha taarifa hiyo nisingekipitisha.

Je, si afadhali programu ipewe sufuri kuliko kuuawa?

Hapana. Sufuri hizo ni data ya uongo, na mwenye hesabu za benki hatajua. Ishara ya SIGBUS, ambayo kerneli huitumia programu na ambayo kwa kawaida ndiyo huiua, hubeba anwani iliyoharibika, hivyo programu iliyojiandaa inaweza kujinusuru: QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, kwa mfano, huipokea na kuipeleka hitilafu kwenye mashine pepe inayohusika.

Nitajaribuje bila kuwa na kumbukumbu mbovu?

Kwenye mashine ya majaribio yenye kerneli iliyojengwa na chaguo la CONFIG_MEMORY_FAILURE, ukiwa na mamlaka ya msimamizi, ita wito wa mfumo wa madvise kwa MADV_HWPOISON, ambao huufanya ukurasa uchukuliwe kuwa umeharibika, kisha tazama HardwareCorrupted, kiasi cha kumbukumbu iliyoharibika, katika /proc/meminfo. Fanya hivyo huku michakato mingine ikiomba na kuachilia kumbukumbu kwa wingi, kwa sababu mashine iliyotulia haifichui kasoro za mfuatano nilizozitaja.