Maswali ya Wasomaji: Kodiani ya Vitufe Kumi

Toleo lililopita tuligusia muziki wa Kikajuni, muziki wa watu wa Louisiana, kusini mwa Marekani, wenye asili ya Kifaransa, ambao wahenga wao walifukuzwa na Waingereza huko Nova Scotia, Kanada, kuanzia mwaka 1755. Barua zilizofuata nyingi zimetoka kwa wapigaji wenyewe, hapa Mwanza na visiwani. Tunajibu hizi.

*Napiga kodiani kwenye kwaya yetu, ile kubwa ya vinanda vyeupe na vyeusi. Nimeshika noti zote za valsi (dansi ya mapigo matatu) moja ya Kikajuni, lakini bado inasikika kama wimbo wa ibada. Kosa liko wapi?* (Mpiga kodiani, Igoma)

Ndugu yetu, kama noti umezishika, basi angalia mivukuto, ile sehemu ya katikati inayofunguka na kufungwa kupitisha hewa. Kodiani ya Kikajuni ina safu moja tu ya vitufe 10 kwa mkono wa kulia, na kila kitufe kina noti mbili: moja ukisukuma, nyingine ukivuta. Kodiani ya C ukiisukuma inatoa C, E na G. Ukiivuta inatoa D, F, A na B. Zile noti za vinanda vyeusi hazimo kabisa. Mkono wa kushoto una vitufe viwili, besi na kodi (noti kadhaa zinazolia kwa pamoja): ukisukuma ni C, ukivuta ni G, basi. Kwa hiyo anayepanda C, D, E, F anasukuma, anavuta, anasukuma, anavuta, na kila anapogeuza, sauti inakatika kidogo. Wachezaji wanafuata mikato hiyo kuliko wanavyofuata ngoma. Wewe unaweza kupiga mstari mzima kwa pumzi moja, ndiyo maana wimbo wako unateleza.

Chukua karatasi ya wimbo, andika S juu ya kila C, E na G, na V juu ya D, F, A na B. Piga polepole, ukigeuza mivukuto kila herufi inapobadilika hata kama kodiani yako haikulazimishi. Ifungue kwa upana wa kiganja tu. Ukiitanua sana, utachelewa kugeuza. Kodi ya F usiipige kwa mkono wa kushoto, mwachie mpiga gitaa. Na mahali wimbo unapotakiwa kung'aa, piga noti pamoja na okteva yake, yaani noti ya jina hilohilo iliyo juu au chini yake.

Angalia pia swichi za sauti. Kodiani yao huwa na ndimi nne za chuma kwa kila noti: moja nzito ya chini, mbili za kati, moja nyembamba ya juu. Zile mbili za kati husawazishwa karibu sawa kabisa, hivyo sauti haitetemi. Kodiani nyingi za kwaya zina swichi ya kutetemesha sauti; hiyo iache, tumia inayofungua ya chini, moja ya kati na ya juu.

Limebaki jambo moja ambalo huwezi kuliiga, nalo ni E na B zao. Mafundi wengi huzishusha kwa makusudi. E iliyo safi ndani ya kodi ya C iko chini ya E ya kinanda cha umeme kwa senti 14 hivi, nusu toni moja ikiwa ni senti 100. Utamu wa kodi zile unatoka hapo, na kinanda cha umeme kikiingia kwenye bendi ya namna hiyo, sauti zinagombana. Tafadhali usikubali fundi akukwangulie ndimi ili upate sauti hiyo. Kodiani yako inapiga kii zote (kii ni ngazi ya noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), na E hiyohiyo utaihitaji kwenye nyimbo za kii nyingine.

*Fidla yangu na kodiani ya C haviendani. Vidole vinachoka na sauti haijai.* (Nyegezi)

Shusha nyuzi zote nne toni moja nzima: G, D, A, E ziwe F, C, G, D. Ndivyo wanavyofanya Wakajuni wanapopiga na kodiani ya C. Utaweka vidole kama unapiga D, na itakayotoka ni C. Faida kubwa iko kwenye nyuzi mbili za kati, ambazo sasa ni C na G: ukizigusa wazi chini ya wimbo, zinakubeba.

Shusha kila uzi kidogokidogo kwa zamu. Ukizilegeza zote kwa mpigo, daraja linaweza kulala na kile kijiti cha ndani kinachoshikilia kifuniko kikaanguka. Kila baada ya zamu moja, tazama daraja kwa ubavu kama bado limesimama wima. Kigingi kikiteleza, kipake chaki ya ubaoni. Na mwenye kodiani ya D hana haja ya haya yote. Fidla inabaki ilivyo.

*Tuna zeze. Linaweza kuchukua nafasi ya fidla ya pili?* (Ukerewe)

Kwa sehemu. Fidla ya pili kwao haiimbi wimbo. Inashikilia nyuzi mbili kwa wakati mmoja na kusukuma mdundo kwa upinde. Zeze la uzi mmoja mlitegeshe G, kwa sababu G imo kwenye kodi ya C na pia kwenye kodi ya G. Wimbo ukienda F, nyamazeni.

*Nimeombwa kutengeneza chuma cha pembe tatu cha kugonga. Nimetumia nondo, kinalia "ko".* (Fundi wa kuchomelea, Mabatini)

Nondo ni chuma laini, mlio wake haudumu. Louisiana walitumia meno ya reki kuukuu za kukokotea majani makavu, chuma cha springi. Tafuta springi chakavu ya unene wa milimita 10 hivi, uipashe moto na kuinyoosha, kisha uikunje pande tatu za sentimita 20. Kona moja iache wazi. Ukiichomelea, umeharibu mlio. Moto unalainisha chuma, kwa hiyo ukimaliza kukunja kipashe tena mpaka kiwe chekundu, kitumbukize kwenye oili, halafu kipashe kwa moto mdogo kisije kikavunjika. Kigongeo nacho kiwe cha chuma hichohicho. Mpigaji akining'inize kwa kamba, na vidole vikifumbate au kukiachia: valsi, achia pigo la kwanza, fumba mawili.

*Tuanze kusikiliza bendi zipi?* (Kikundi cha vijana, Kirumba)

Anzeni na Joe Falcon na Cléoma Breaux, waliorekodi mwaka 1928. Ni kodiani na gitaa tu, nanyi mtasikia kila mgeuzo wa mivukuto. Kisha Amédé Ardoin na Dennis McGee, kodiani na fidla, kuanzia 1929. Ardoin alikuwa Mkrioli mweusi, yaani Mweusi wa Louisiana mwenye lugha ya Kifaransa, na mpaka leo wapiga kodiani wa Kikajuni wanapiga nyimbo zake. Ndugu wengine Weusi wa huko ndio walioukuza muziki wa zaidiko (zydeco), wenye bati la kukwaruza kifuani, ambao Clifton Chenier aliupigia kodiani ya vinanda. Msiuchanganye na huu.

Miaka ya 1930 kodiani iliwekwa pembeni na bendi za nyuzi. Hackberry Ramblers walikuwa na vipaza sauti walivyoviendesha kwa injini ya gari iliyoachwa ikiunguruma nje. Aliyeirudisha kodiani kwa kishindo ni Iry LeJeune, mwaka 1948. Halafu wasikilizeni Balfa Brothers, na hapo msiwe na haraka: Dewey anapiga fidla ya kwanza, Will anashika ya pili, na hakuna shule nzuri kuliko hiyo kwa fidla mbili. BeauSoleil, walioanza 1975, waje mwisho, kwa sababu wamechanganya mengi.

*Tunakaa karibu na ziwa. Kodiani imeanza kukwama noti.* (Mama mwenye kikundi, Kayenze)

Mama, ni unyevu na kutu. Usitie mafuta kwenye ndimi; yanakusanya vumbi na kushusha sauti. Fundi apitishe karatasi nyembamba chini ya ulimi uliokwama, taratibu, bila kuupinda. Iwekeni kwenye sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na ipigwe kila wiki ili hewa ipite. Msiiache ndani ya gari juani: nta inayoshika ndimi inalainika, na zinaanguka ndani ya kodiani.