Gonga kabati kwanza, miguu ya amplifaya baadaye

Kijana mmoja wa Mombasa kaniandikia wiki hii. Kaona miguu ya chuma ya kuweka chini ya amplifaya ili kuzuia mtikisiko, bei ya seti moja inakaribia mshahara wake wa mwezi, na muuzaji kamwapia kwamba besi itafunguka. "Shikamoo mzee, ninunue?"

Marahaba mwanangu. Usinunue. Amplifaya yako ni ya transista, ndani yake hakuna kinachosoma mtikisiko. Ingekuwa ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, tungezungumza, maana valvu nyingine ukiigonga kwa kucha unaisikia sauti ya kugonga huko kwenye spika. Yako iweke popote inapopata hewa. Kinachoumwa na mtetemo nyumbani ni pleya ya santuri, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo: kugeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme. Sindano haibagui mtikisiko uliotoka kwenye santuri na uliotoka kwenye visigino vya mjomba wako.

Haya nimeyajulia Mji Mkongwe, ghorofa ya juu. Wanaozisifu nyumba zetu hawasemi kwamba sakafu ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, na boriti zikichoka sakafu inanesa. Mtu akipita, vikombe kabatini vinalia. Nikiweka taarabu za zamani, zile santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, mtoto akikimbia sebuleni sindano inaruka ubeti mzima. Nikiongeza sauti ndiyo balaa: besi inatoka kwenye spika, inapita sakafuni, inapanda kabati, inaingia kwenye sindano, inarudi kwenye spika na nguvu zaidi, mpaka chumba kinavuma. Mvumo huo ukiuachia unaunguza spika.

Nilikwenda duka moja la vyombo vya muziki kuomba ushauri. Vijana wa pale walinicheka mbele ya wateja. "Mzee, hamisha nyumba!" Sijakisahau kicheko kile, na sijifanyi nimekisahau.

Dawa ilikuwa ukuta. Kuta zetu ni nene, za mawe ya matumbawe, haziyumbi mtu akitembea. Tabu ni kuzitoboa. Drili ikiingia, chokaa inamung'unyuka, tundu linapanuka kuliko plagi ya skrubu, na skrubu unaichomoa kwa vidole. Seremala wangu akachimba matundu makubwa makusudi, akatia vigingi vya mvule, akavijengea kwa chokaa na mchanga, akakataa katakata kuvigusa mpaka vikauke. Ndipo tukafunga mabano ya chuma, juu yake vipande vya mpira, halafu bamba la graniti, masalia ya kaunta ya jiko la mtu. Tukalisawazisha kwa pima maji, urefu na upana.

Ijumaa iliyopita wajukuu waliruka weee, na santuri ikaimba mpaka mwisho. Mmoja wa wale vijana wa duka alikuwa amekaa hapohapo. Nilimwongezea kahawa tu.

Wengine watakwambia utie tyubu ya baiskeli ya mtoto chini ya ubao wa pleya, upepo kidogo tu. Si uongo, lakini angalia sakafu. Kila mpira au springi, ukishabeba mzigo, una mwendo wake wa kuchezea, yaani mara ngapi unacheza kwa sekunde. Mtikisiko wenye kasi ya zaidi ya mara 1.4 ya mwendo huo unapunguzwa. Ulio sawa nao unakuzwa. Kwenye sakafu ya zege tyubu inafaa sana. Kwenye sakafu inayonesa, hatua za watu ni mitikisiko michache kwa sekunde, na tyubu nayo inacheza papo hapo, kwa hiyo umejitengenezea bembea. Mpira nao una uzito wake: ukiubebesha kidogo unabaki mgumu kama haupo, ukiuzidishia unabonyea na kazi imekwisha.

Lakini vijana hampimi, mnanunua! Zima mota. Shusha sindano kwenye santuri iliyosimama. Ongeza sauti kidogo kidogo, ukisikia mvumo unaanza rudisha haraka. Sasa gonga kabati kwa kifundo cha kidole. Ikilia "du" kwenye spika, mtetemo una njia. Gonga sakafu, gonga ukuta, hamisha pleya, gonga tena. Pima kabla ya kutoa pesa. Muuzaji hatakufundisha hili, halina risiti. Pima, mwanangu. Na ukishanunua chochote, pima tena vilevile, kwa sauti ileile, usije ukasikia bei badala ya muziki.

Spika zitoe kwenye kabati la pleya hata kama hufanyi lingine lolote. Kisha niandikie unakaa chini au ghorofani, sakafu ni ya nini, na pleya ina kilo ngapi, nikwambie kama ni tyubu au ukuta.