Malkia yupo, mbona hatagi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafuga nyuki Chemba, mkoani Dodoma. Septemba hii nimefungua mizinga jioni, malkia nimemwona kwa macho yangu, lakini masega hayana mayai wala majana (watoto wa nyuki). Nimewapa maji ya sukari wiki mbili, hakuna kilichobadilika. Nimwondoe, nitafute mwingine?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Tafadhali usimwondoe. Huenda huyo malkia ni mzima kabisa, ila kundi lina njaa, na njaa hiyo si ya sukari.

Yai linahitaji protini, na protini ya nyuki hutoka kwenye chavua. Sukari ni kuni tu. Bila unga hakuna ugali. Chavua huliwa na vibarua (nyuki wafanyakazi) wachanga, tezi za kichwani mwao zikatoa maziwa ya nyuki, nao wakamlisha malkia. Kwa lishe hiyo mwili wake hutengeneza vitelojenini, protini inayojaza kiini cha yai. Maua yakiwa mengi anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Chavua ikikatika malkia hupunguziwa chakula, na majana machache yaliyobaki huliwa na vibarua wenyewe.

Kwa wadudu wengi, mfano nzige, shibe huamsha tezi zilizo nyuma ya ubongo zimwage homoni ya juvenaili, nayo huamuru vitelojenini itengenezwe. Kwa nyuki mambo yamegeuka, na hapa huwa nastaajabu kila mara: kibarua mwenye vitelojenini nyingi ana homoni hiyo kidogo, hubaki ndani akilea. Vitelojenini ikishuka, homoni hupanda, naye hutoka kutafuta chakula. Kwa hiyo ukame wa chavua unakupunguzia na walezi pia.

Wape keki ndogo ya unga wa soya uliokamuliwa mafuta, uliokandwa kwa asali yao wenyewe, uiweke juu ya masega. Maji yasikosekane karibu, la sivyo watahama. Msimu ujao ukirina, waachie masega yenye chavua. Wengi wetu huyakata yote, na Septemba tunalia.

Migunga ikichanua, simama mlangoni mwa mzinga uangalie miguu ya nyuma. Vidonge vya chavua vikiingia wiki tatu mfululizo na bado hakuna yai, au ukikuta mayai kadhaa ndani ya kijumba kimoja cha sega, hapo ndipo umtilie shaka malkia.