Kopo limeisha, sasa nile nini?

Jumanne usiku nimepata meseji kutoka kwa dada mmoja wa huko Mbale, hapa hapa Uganda, mstari mmoja tu: "Dada nimepungua kilo 16 na sheki, kopo la mwisho linaisha Ijumaa, sasa nile nini?" Sheki ni ule unga wa makopo unaoukoroga ukanywa badala ya chakula ili upungue. Nikamjibu haraka haraka, na kiburi kidogo, "kula vizuri tu mpenzi", halafu nikafuta kabla hajasoma, manake hayo ndiyo maneno niliyoambiwa mimi na mtu aliyeniuzia makopo, na kwa maneno hayo kilo nyingi zilinirudia. Kwa hiyo naandika hapa, ni ndefu, chukua chai. Sukari ni juu yako, mimi si mama yako.

Mimi ni mtoto wa kambi, baba alikuwa askari Jinja, ndiyo maana hata Kiswahili changu kina amri amri ndani yake, mnisamehe. Kwetu posho, yaani ugali, ilikuja kwenye beseni, maharage kwenye sufuria, na anayekula polepole analala njaa. Tabia hiyo nilikuja nayo mpaka ndoani, mpaka ofisini, sahani yangu inaisha wenzangu bado wananawa.

Mwaka 2022 nilikuwa kilo 96 na mdogo wangu akatangaza kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Sasa gomesi, gauni letu pana, haina ubaya na mtu, gomesi inaficha kila kitu, lakini bi harusi mtarajiwa akasema sisi wasindikizaji tutavaa mushanana, lile vazi la kufunga begani, na mushanana haifichi kitu. Nikanunua makopo. Sheki nne kwa siku, vanila asubuhi, chokoleti mchana, hivyo hivyo mpaka usiku, jumla kama kalori 800, hakuna chakula kingine isipokuwa maji na chai kavu. Wiki 11. Sitawaeleza zote, wiki moja inafanana na nyingine, njaa, kichwa, choo kigumu, na baadaye nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Ila mizani ilikuwa inashuka, banange, ukiona namba inashuka hata njaa inakuwa tamu.

Nikafika 77. Kilo 19!

Hapa nchini kwetu lakini ukipungua hawakupongezi moja kwa moja. Miaka ya 80 UKIMWI ulipoingia kule Rakai watu waliuita Slim, yaani wembamba, na wazee wetu hawajasahau, kwao mwili ukiisha kuna jambo. Ssenga wangu, yaani shangazi, alinivuta nyuma ya jikoni akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimeanza dawa. Nikacheka, lakini usiku nililia kidogo. Halafu siku ya kwanjula nikavaa ile mushanana, nikapita mbele ya watu mia mbili na kitu, na sitadanganya, ilikuwa siku yangu kuliko ya mdogo wangu.

Siku hiyo nikala. Luwombo ya kuku, pilau, gonja, matooke, kila kitu, nilisema nimestahili. Kesho yake posho, kesho kutwa posho na nyama. Siku ya nne nikapanda mizani, 79.4. Kilo mbili na zaidi kwa siku tatu! Nikahisi kama mtu ameniibia. Sikujua, na hakuna aliyeniambia, kwamba zile si mafuta. Ukikaa muda mrefu bila wanga akiba ya mwili ya wanga inakauka, ukirudisha posho na wali akiba inajaa tena, na kila gramu moja ya akiba hiyo inashika kama gramu tatu za maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ni maji, na chakula ambacho bado kiko tumboni. Ningejua hilo ningenyamaza nikaendelea. Mimi nikasema basi, imeshaharibika, na mtu akishasema imeshaharibika anakula kama mtu anayehama nyumba.

Miezi minane, kilo 91.

Yule kaka wa makopo ambaye alikuwa ananipigia kila Jumatatu wakati nanunua, nilipomwandikia kwamba naongezeka akaniambia niagize makopo matatu mengine. Nikamuuliza, na chakula je, nile vipi? "Kula vizuri tu." Halafu kimya, mpaka leo. Na Krismasi tumekaa kwa mama mkwe, nanyoosha mkono kuchukua chapati, wifi yangu akasema mbele ya wote, "Nilijua utarudi tu, nyumbani ni nyumbani." Watu wakacheka. Mume wangu pia alicheka, nakumbuka vizuri sana alicheka.

Kilichoniinua si maombi wala motisha, ni kusoma. Nilikuta utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa 2011. Walichukua watu 50, wakawapa sheki kama hizi zetu, chakula kikarudi polepole wiki za mwisho, jumla wiki kumi, wakapungua wastani wa kilo 13 na nusu, halafu wakawapima homoni za njaa. Mwaka mzima baadaye grelini, ile inayokuita mezani, ilikuwa bado juu kuliko mwanzo, na leptini inayosema umeshiba ilikuwa bado chini. Mwaka mzima! Nilisoma nikiwa ndani ya taksi nikaanza kutokwa machozi, kondakta akadhani nimeibiwa simu. Kumbe sikuwa mlafi. Mwili ulikuwa unadai deni lake, na mimi nilikuwa nauchukulia kama shetani.

Ndiyo maana nakasirika mtu akikuambia "nidhamu". Nidhamu ninayo, nimekunywa vanila wiki 11. Oprah Winfrey, yule mtangazaji wa TV wa Marekani, mwaka 1988 alivuta kigari chenye mafuta ya wanyama jukwaani, ratili 67, kama kilo 30, kuonyesha uzito alioutoa kwa dayati ya maji maji namna hii, na zikamrudia. Huyo ana wapishi. Wewe una sigiri na watoto watatu.

Sasa dada wa Mbale, sikiliza. Usimalize Ijumaa. Kopo likiisha siku moja na chakula kikaanza siku hiyo hiyo, umeanguka kutoka juu ya mti. Rudisha mlo mmoja mmoja. Wiki mbili chakula cha mchana tu, asubuhi na usiku sheki. Halafu ongeza usiku. Asubuhi iwe ya mwisho, kwa sababu asubuhi ndiyo kuna mandazi. Huko Scotland na kaskazini ya Uingereza walifanya utafiti mkubwa na watu wenye kisukari cha aina ya pili, unaitwa DiRECT, sheki miezi mitatu mpaka mitano, halafu chakula kilirudishwa kwa wiki mbili mpaka nane, hatua kwa hatua. Baada ya mwaka 46 kati ya kila 100 walikuwa wametoka kwenye kisukari bila dawa, mwaka wa pili wakabaki 36. Unaona? Hata wenye madaktari na manesi wanawafuata, wengine walirudi. Na kama wewe una sukari au unameza dawa za presha, sheki hizi si za kuanza peke yako, mwone daktari kwanza, huenda akalazimika kuzipunguza dawa, la sivyo unaweza kuzimia. Mwenye mimba au anayenyonyesha, achana nazo.

Nilichojifunza kutoka kwa hao wa DiRECT zaidi ni ile kanuni ya kilo mbili. Mtu akiongezeka kilo mbili, mlo mmoja unarudi kuwa sheki kwa wiki nne. Akiongezeka zaidi ya nne anarudi kwenye sheki tupu wiki nne. Hakuna kulaumiana. Mimi nilikuwa nasubiri mpaka kilo kumi ndipo nishtuke, nilikuwa napima kwa sketi.

Basi mara ya pili nilipungua polepole, sheki usiku tu, mwaka na kidogo, nikafika 79, na nina miezi 14 hapo hapo, juu kidogo, chini kidogo. Kila Jumamosi nashuka pale karibu na taksi paki kwa kijana mwenye mizani ya barabarani, shilingi mia tano, viatu navua, anaandika kwenye daftari lake. Ya nyumbani niligombana nayo nikampa jirani. Kwa kijana naona aibu kukosa.

Chakula ni kile kile chetu, msiniletee habari za brokoli. Posho kipande cha ngumi yangu, si ngumi ya baba. Nakati au dodo, mboga zetu za majani, nusu sahani, maharage, mukene, yaani dagaa. Mchuzi wa karanga naupenda kama roho yangu lakini nauchota na kijiko, simwagi. Kikomando, ile chapati ya kukatwa na maharage, niliacha kabisa, hiyo sikuweza kuipunguza, kuna vitu huwezi kuvipunguza unaviacha tu. Rolex nakula Jumamosi baada ya mizani, chapati moja, mayai mawili, nyanya nyingi, na yule wa chapati namsimamia na mafuta yake mpaka ananichukia. Kazini naenda kwa mguu, dakika 40, boda ni mvua tu. Na nakula polepole, hii ndiyo ngumu kuliko zote, mwanajeshi bado yumo ndani.

Na wewe unayesoma hapa ukisema "mimi nitaanza Jumatatu", nakujua, nilikuwa wewe. Jumatatu ni siku ya wauza makopo.

Kopo moja liko juu ya kabati langu, nusu. Mwezi wa nne lilishuka, nilikuwa nimefika 81.3 baada ya misiba miwili na sherehe moja, nikanywa usiku wiki nne, likarudi juu. Juzi wifi alikuja, akaliona, akaligeuza geuza akisoma maandishi. Akasubiri mume wangu atoke nje ndipo akaniuliza kama bado nina namba ya yule kaka. Nikampa. Sikumwambia kwamba hapokei simu.