Jibu: Kukatwa msaada wa kodi ya nyumba kisa chumba cha mtoto aliyehama

Pole sana dada. Umeuliza kama serikali ina haki kukukata pesa inayokusaidia kulipa kodi ya nyumba kisa chumba cha kijana wako aliyehama, ukweli sheria hiyo ipo hapa Uingereza tangu Aprili 2013, kwa nyumba za kaunsili (serikali ya mtaa) na za mashirika ya makazi, chumba kimoja cha ziada wanapunguza msaada huo kwa asilimia 14 ya kodi, viwili au zaidi asilimia 25. Ila usikubali haraka hivyo, maana umesema mgonjwa wako anahitaji mtu wa kumhudumia usiku, na chumba cha mlezi wa usiku kinaruhusiwa, na wanandoa wasioweza kulala chumba kimoja kwa ajili ya ulemavu walishinda Mahakama ya Juu 2016.

Andika kupinga ndani ya mwezi mmoja toka tarehe ya barua yao, halafu omba kaunsili msaada wa kuziba pengo.

Mnaambiwa mhamie nyumba ndogo, zipo wapi?? Scotland serikali yao inafidia hayo makato, basi kusanyaneni wapangaji wa jengo zima mumwone mbunge wenu mkamuulize England inashindwa nini.