Shahada Ninayo, Kazi Sina

SWALI: Nimehitimu fizikia chuo kikuu, lakini kazi sijapata. Je, historia ya wanazuoni wa Kiislamu ina lolote la kunifaa?

JIBU: Ndugu msomaji, mtazame Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, ambaye wasimulizi wanaeleza kwamba alijipatia riziki mjini Cairo kwa kunakili vitabu vya Euclid na Ptolemy, wataalamu wa kale wa hisabati na falaki walioandika kwa Kigiriki, huku akichunguza namna mwanga unavyopenya tundu dogo na kuingia katika chumba chenye giza. Tena hakuishia kunakili, kwani aliandika kitabu kizima cha kuyahoji maandishi ya Ptolemy huyohuyo. Nakusihi, kazi yoyote ya halali utakayoipata isikutenge na fizikia yako. Itengee walau saa moja baada ya swala ya Alfajiri.