Simba wa Ruaha pichani: maswali ya wasomaji

*Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Mafinga. Septemba tulikwenda Hifadhi ya Ruaha kwa siku mbili. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, lenzi ya milimita 70–300. Simba tuliwakuta saa tano asubuhi wamelala ng'ambo ya mto, nikapiga picha zaidi ya mia. Kwenye kioo cha kamera zilikuwa safi. Kwenye kompyuta zote zina ukungu. Je, lenzi imeharibika?*

Usikimbilie kwa fundi. Fungua picha moja, ikuze hadi asilimia 100, kisha uangalie huo ukungu ukoje, maana kila kosa lina alama yake. Ukiona nyasi za mbele zimetoka wazi na sharubu za simba hazionekani, fokasi ilinasa nyasi. Ukiona kila kitu, hata mawe, kimevutika upande mmoja, kamera ilitikisika. Mawe yakiwa yametulia na simba peke yake amevutika, yeye ndiye aliyesogea na shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga, ilikuwa ya polepole. Lakini kingo zote zikiwa zinayumbayumba kama kitu kilicho chini ya maji, na picha mbili zilizofuatana haziyumbi sawasawa, hiyo ni hewa ya joto.

Kwa saa uliyotaja, tunaishuku hewa kwanza. Wakati wa kiangazi mchanga wa Mto Ruaha Mkuu hupata moto mapema, na hewa inayopanda juu yake huupinda mwanga kabla haujafika kwenye lenzi. Hakuna lenzi inayoshinda hali hiyo, hata iwe ya bei gani, wala programu ya kuurudisha ukali uliopotea hapo. Simba aliye mita 20 bado atatoka vizuri saa hizo. Aliye mita 150 hatatoka. Kwa hiyo wahi. Lala karibu na hifadhi ili uingie lango linapofunguliwa. Ukitoka Iringa mjini asubuhi ile ile, kilomita kama 130 za njiani zitakula mwanga wote mzuri.

Kuhusu mtikisiko, mwombe dereva azime injini kabisa, na waliomo garini watulie kwenye viti. Shona kifuko cha kitambaa kigumu, sentimita 35 kwa 25, ukitie kilo mbili za chenga za mchele. Usikijaze kikakaza, kinatakiwa kilegee ili kiikumbatie lenzi. Kilaze juu ya ukingo wa dirisha, lenzi iwe juu yake. Stendi ya miguu mitatu ndani ya gari haisaidii: kila anayejigeuza kitini anaitikisa.

Kama kamera yako ni ya sensa ndogo (sensa ni kipande kinachopokea mwanga), lenzi ya 300 huona kama ya 450. Basi usishuke chini ya shata ya 1/500 ya sekunde hata kwa simba aliyelala. Anayetembea mpe 1/1000, anayekimbia 1/2000. Iache ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ipande hadi 3200, au 6400 ikibidi. Picha yenye chenga, yaani vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa, inasafishika, iliyovutika haisafishiki. Tumia nukta moja ya fokasi, uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Ukiiacha kamera ijichagulie, mara nyingi itanasa kilicho mbele, na Septemba kilicho mbele ni nyasi kavu.

Jambo la mwisho: lenzi nyingi za aina hiyo hupoteza ukali kidogo zikivutwa hadi 300. Funga uwazi, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, kidogo hadi f/8, na kama umeifunika kwa kichujio cha bei rahisi, kivue.

*Nilimpata chui juu ya mti jioni, katoka mweusi kama kivuli. Nikimng'arisha anakuwa wa kijivu, chenga tupu. Nifanyeje? Msomaji, Mbeya.*

Kamera ilipima anga jeupe lililokuwa nyuma yake, ikapunguza mwanga wa picha nzima. Tiba yake iko pale pale mtini: ongeza fidia ya mwanga (alama ya +/- kwenye kamera) kwa +1, tazama kioo, panda hadi +2 ikihitajika. Anga litachomeka. Liache lichomeke, kwa sababu uliyemfuata ni chui na madoa yake.

Piga kwa RAW, faili ghafi la kamera. JPEG, faili la kawaida lililobanwa, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina zaidi ya 16,000, na ndiyo maana kivuli chake kinafunguka bila kuwa kijivu. Unapohariri, anza na rangi ya mwanga: chui aliye chini ya majani hupata ukijani tumboni na kidevuni, uondoe kwa kusogeza upande wa zambarau. Fungua vivuli taratibu, halafu shusha weusi kidogo ili madoa yarudi kuwa meusi. Safisha chenga, kisha ongeza ukali usoni tu. Ukiuongeza picha nzima utazinoa na chenga za anga. Kitelezi cha kukoleza rangi tunakuomba usikiguse. Chui wa rangi ya chungwa hayupo Ruaha, na anayeitazama picha yako ana haki ya kumwona yule uliyemwona wewe.

*Nimekata picha ya duma ibaki kichwa tu. Mchapaji anasema haifai kwa sentimita 30 kwa 45. Msomaji, Njombe.*

Amesema kweli. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, zinabaki 3000 kwa 2000, yaani megapikseli 6. Kwa pikseli 300 kwa inchi inatosha sentimita 25 kwa 17. Ya ukutani, inayotazamwa kwa mbali, inaweza kushushwa hadi 200, ikafika 38 kwa 25. Zaidi ya hapo manyoya yatafifia.

*Mimi nina simu tu. Je, nimwombe dereva asogee hadi walipo simba? Msomaji, Tukuyu.*

Hapana. Gari haliruhusiwi kuacha barabara ndani ya hifadhi, na simba aliyesumbuliwa huinuka akaondoka. Usivute picha kwa vidole pia. Simu nyingi hapo hukata tu na kukuza. Mpige simba akiwa mdogo chini ya mbuyu, mto ukionekana, nawe utapata picha ambayo mwenye lenzi ndefu hawezi kuipata. Ukiwa na darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi zake za mbele milimita 42), isimamishe juu ya kifuko cha chenga za mchele, uweke lenzi ya simu katikati ya kioo cha kutazamia, upige kwa kuchelewesha sekunde 3 ili kidole kisiitikise. Kabla ya kuisambaza, zima taarifa za mahali ilipopigwa, hasa ukiwa umempiga chui mwenye watoto.